Akiba Haiozi, Lakini Noti Huoza

Nimepewa nafasi niseme nanyi juu ya kodi, akiba na uzee. Mambo haya huonekana mbalimbali, walakini yote hutoka katika fedha ile ile, iliyopatikana kwa jasho lile lile.

Wahenga walinena ya kwamba akiba haiozi. Ni kweli; lakini noti iliyofichwa chunguni si akiba bado. Ni karatasi tu, nayo ina maadui: moto, mchwa na mwizi. Tena yuko adui wa nne. Benki Kuu ya Tanzania iliziondoa katika matumizi noti za zamani zilizotolewa tangu mwaka 1985 hata 2003, pamoja na noti ya shilingi 500 ya mwaka 2010. Watu walipewa muda wa kuzibadilisha, tangu tarehe 6 Januari hata tarehe 5 Aprili, 2025. Muda ulipokwisha, aliyekuwa nazo chini ya kitanda hakuwa na fedha tena. Hakuibiwa na mtu. Alikosa habari tu.

Hata noti isipoondolewa, nguvu yake hupungua. Ikiwa bei zapanda kwa sehemu 5 katika 100 kila mwaka, shilingi 100,000 zilizofichwa leo zitanunua, baada ya miaka 10, vitu ambavyo leo ni vya shilingi 61,000 hivi. Kwa hiyo yafaa fedha iwekwe mahali inapozaa, kama benki au chama cha kuweka na kukopa kilichoandikishwa, nawe upewe hati yenye jina lako.

Sasa niseme nanyi mnaopokea mshahara. Tutwae mfano wa mwalimu wa shule isiyo ya Serikali, Tanzania Bara, apataye shilingi 400,000 kwa mwezi. Kwanza hukatwa sehemu 10 katika 100, yaani 40,000, kwa ajili ya Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii. Zabaki 360,000. Kwa viwango vya mwaka 2024, shilingi 270,000 za kwanza hazikutozwa kodi. Zile 90,000 zilizozidi zilitozwa sehemu 8 katika 100, yaani 7,200. Basi msiyachanganye makato haya mawili. Kodi ni ya kazi za watu wote, lakini zile 40,000 ni akiba yako mwenyewe, na mwajiri huongeza 40,000 zake juu yake. Kwa mwaka mmoja zimekuwa 960,000.

Lakini angalieni sana. Ili mtu apate pensheni ya kila mwezi, sheria yataka michango ya miezi 180, yaani miaka 15. Kila mwezi ambao mwajiri alikata lakini hakupeleka ni mwezi uliopotea katika hesabu hiyo. Atakayegundua siku ya kustaafu amechelewa: pengine mwajiri amehama, madaftari yamepotea, na mashahidi wamekufa. Basi kila mwaka uombe taarifa ya michango yako, uhesabu miezi, na hati za mshahara uzitunze kama hati ya shamba.

Nanyi wakulima, kumbukeni kodi ya maendeleo, iliyofutwa Tanzania mwaka 2003. Mtoza kodi alibisha hodi, na kwa kumwogopa mtu aliweka shilingi kando. Uzee hauna mtozaji wala haubishi hodi, huingia tu. Kwa hiyo siku ya kuuza pamba au kahawa, kabla hamjafika dukani, toeni kwanza sehemu ya uzee. Mwaka mbaya toeni kidogo, lakini msikose kutoa. Tena mkulima naye aweza kujiandikisha kwa hiari katika Mfuko huo nilioutaja.

Mwisho, nawaomba viongozi wa vijiji: tangazo la fedha lisibandikwe ukutani tu. Lisomwe barazani, na lipelekwe nyumbani kwa wajane na wazee wasioweza kutoka, maana hao ndio wenye vyungu.

Akiba haiozi, naam, ikiwa imeandikwa, inazaa, na mwenyewe anaiangalia.