Mafunzo ya Kampeni Yaanze na Swali la Mwananchi

(Haya ni mazungumzo yaliyotolewa mbele ya walimu na watumishi wa Serikali mjini Musoma.)



Nimeombwa nizungumze juu ya mafunzo ya kuendesha kampeni za uchaguzi na mawasiliano ya siasa katika zama hizi. Nashukuru kwa heshima hiyo. Lakini kabla sijataja chombo chochote cha kisasa, naomba niwasimulie jambo dogo nililoliona kwa macho yangu katika kijiji kimoja cha kando ya ziwa, upande wa Bunda.

Mgombea mmoja alifika na magari, vipaza sauti na kikundi cha muziki. Alisema kwa muda wa nusu saa, na alisema vizuri. Alipomaliza, mama mmoja mzee alinyosha mkono. Alitaka kujua kwa nini kisima cha kijiji kilichimbwa na hakitoi maji. Kabla hajamaliza swali lake, muziki ukafunguliwa, vijana wakacheza, magari yakaondoka. Yule mama akarudi nyumbani na swali lake.

Wataalamu wa matangazo watasema mkutano ule ulifana. Mimi nasema haukuwa mkutano wa kampeni hata kidogo. Kampeni ni mtihani, na mtahiniwa ni mgombea. Ninyi walimu mnajua kwamba mtahiniwa anayeikimbia karatasi ya maswali hajafaulu, hata kama amevaa vizuri na ana mwandiko wa kupendeza.

Ndugu zangu, nchi hii haikuanza jana kuendesha kampeni. Mwaka 1958 mkoloni alituwekea masharti ya kura tatu. Kila mpiga kura alitakiwa achague Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja, na karatasi isiyokuwa na kura zote tatu ilihesabiwa kuwa imeharibika. Wajumbe wengi wa TANU waliokutana Tabora mwezi Januari mwaka huo walitaka kuususia uchaguzi, na hasira yao ilikuwa ya haki. Mwishoni walikubali kushiriki, na uamuzi huo ukaitwa Uamuzi wa Busara. Lakini kukubali Tabora ilikuwa ni nusu tu ya kazi. Nusu ya pili ilikuwa ni kumweleza mpiga kura kwa nini ampe Mzungu na Mwasia kura katika nchi anayoidai kuwa yake. Jambo hilo halielezwi kwa ngoma wala kwa picha. Linaelezwa kwa hoja, tena kwa kuvumilia maswali makali. Hoja zilishinda, na wagombea waliokuwa wakiungwa mkono na TANU walishinda katika awamu ya 1958 na ile ya 1959.

Ushindi huo nao ulizaa tatizo lake. Katika uchaguzi wa 1960 TANU ilipata viti 70 kati ya 71, na wagombea 58 walipita bila kupingwa. Wako waliofurahi. Mwalimu Nyerere aliliona tatizo lililokuwamo ndani ya furaha hiyo: katika sehemu kubwa ya nchi, mwananchi hakupata nafasi ya kuchagua mtu wala ya kumhoji. Hiyo ni mojawapo ya sababu zilizoleta Tume ya mwaka 1964 na utaratibu mpya wa uchaguzi wa Septemba 1965.

Utaratibu huo unafaa kufundishwa katika kila darasa la kampeni. Karibu kila jimbo lilikuwa na wagombea wawili wa chama kimoja. Walisafiri pamoja, wakapanda jukwaa moja, wakasema kwa zamu, wakaulizwa maswali mbele ya watu wale wale. Mikutano iliandaliwa na Chama wilayani, wala si kwa fedha ya mgombea. Ilikatazwa kuomba kura kwa kabila, dini au rangi. Kwa kuwa wengi hawakujua kusoma, mgombea mmoja alipewa alama ya jembe na mwenzake alama ya nyumba. Basi mwenye jembe alidai kwamba jembe ndilo linalolisha taifa, na mwenye nyumba akajibu kwamba hata mkulima jioni hurudi nyumbani. Hapo tunaona kwamba ufundi wa matangazo si mgeni kwetu. Lakini mpiga kura hakupumbazwa na alama. Mawaziri 2 na mawaziri wadogo 6 waliangushwa. Jirani yetu hapa Mwanza, Ndugu Paul Bomani, aliyekuwa Waziri wa Fedha, alipoteza kiti chake.

Sisemi turudi kwenye mfumo wa chama kimoja. Mfumo ule ulikuwa na mipaka yake: mgombea hakuruhusiwa kupinga siasa ya Chama, na kwa Rais mpiga kura alikuwa na ndiyo au hapana tu. Tangu 1992 sheria yetu inaruhusu vyama vingi. Ninachosema ni kwamba jukwaa moja lenye wagombea wawili na maswali ya wananchi ni fundisho lisilochakaa. Chama kimoja kiliweza kuwasimamisha wanachama wake wawili wahojiwe pamoja. Vyama vingi vina sababu gani ya kuogopa jambo hilo hilo?

Fundisho jingine liko hapa hapa Bunda. Mwaka 1995, katika uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi baada ya mfumo wa chama kimoja, Ndugu Stephen Wassira wa NCCR-Mageuzi alimshinda Ndugu Joseph Warioba wa CCM, ambaye aliwahi kuwa Waziri Mkuu. Shauri lilipelekwa mahakamani, ushindi ukatenguliwa, na jambo hilo likafika hadi Mahakama ya Rufani. Wanasheria wanalisoma shauri hilo mpaka leo. Sisi wengine tujifunze neno moja: kampeni haiishii kwenye sanduku la kura. Kila linalosemwa jukwaani na kila kinachotolewa nyuma ya jukwaa kinaweza kuulizwa mbele ya jaji. Ndiyo maana mwaka 2006 Mahakama Kuu ilivifuta vifungu vya sheria vilivyoruhusu takrima, na mwaka 2010 ikatungwa Sheria ya Gharama za Uchaguzi.

Sasa nije kwenye vyombo vya kisasa. Siku hizi simu ya mkononi inafika mahali ambapo gari la mgombea halifiki. Hilo ni jema. Lakini simu inaweza kumwambia Mkurya jambo moja na Mjita jambo jingine, na wawili hao wasijue kamwe. Wenzetu wa Kenya, ng'ambo ya Sirari, wameliona jambo hili. Kampuni ya Uingereza iitwayo Cambridge Analytica ilifanya kazi katika chaguzi zao za 2013 na 2017. Mwaka 2018 televisheni ya Uingereza iliwaonyesha wakuu wake, waliorekodiwa kwa siri, wakijisifu kwa kazi hiyo, na mwaka huo huo kampuni ikafungwa. Leo kuna pia akili mnemba, inayoweza kumtengenezea mtu sauti na sura akisema neno ambalo hakulisema. Jukwaa la 1965 lilikuwa na kinga yake: aliyesema uongo alikuwa amekaa karibu na mpinzani wake. Ujumbe wa siri hauna mpinzani karibu.

Kwa hiyo napendekeza mafunzo yetu yawe na misingi mitatu. Kwanza, mgombea afundishwe kusikiliza na kujibu kabla ya kufundishwa kuhutubia. Na asipolijua jibu, aseme atalitafuta, kisha arudi nalo. Pili, lolote atakaloliandika kwenye simu za watu liwe ni lile analoweza kulirudia hadharani Musoma, Bunda na Butiama bila kubadili neno. Tatu, hesabu ya fedha za kampeni iwe ni somo kamili, wala si karatasi ya kujazwa siku ya mwisho.

Na sisi watumishi je? Wengi wenu, walimu, ndio wasimamizi wa vituo na makarani siku ya kupiga kura. Mwananchi aliyemwona mwalimu akishangilia jukwaani jana hawezi kumwamini akihesabu kura kesho. Gari la Serikali na saa za kazi si mali ya mgombea yeyote. Mtoto asitolewe darasani kwenda kujaza uwanja wa mkutano. Nafahamu kwamba kukataa ombi la mkubwa si jambo rahisi, hasa kwa mwalimu aliye peke yake kijijini. Lakini mwaka 1955 mwalimu mmoja wa Pugu, mzaliwa wa Butiama aliyeanza masomo yake hapa Mwisenge mwaka 1934, alitakiwa achague kati ya ualimu na siasa. Alichagua siasa, na akaacha kazi na mshahara wake. Hakujaribu kushika vyote viwili.

Kazi yetu ni kumfundisha mwananchi kuuliza, na kuhakikisha swali lake linasikika. Nchi inayozima swali kwa muziki haijui kwamba kisima hakina maji mpaka watu wanapokuwa wamekwisha kuhama.

Sasa ni zamu yenu: naomba maswali.