Mkono wa Mwananchi na Sindano ya Mwanafunzi



Katika vituo vya afya vinavyopokea wanafunzi wa utabibu kwa mafunzo ya vitendo, lipo swali linalosikika mara kwa mara penye benchi la kusubiri vipimo: "Kijana huyu anajua, au amekuja kujifunzia kwangu?" Swali hilo ni la haki, nalo halistahili kujibiwa kwa kicheko wala kwa ukali. Jibu la kweli ni kwamba anajifunza, na kwamba hakuna tabibu, muuguzi wala mtaalamu wa maabara aliyezaliwa akijua kutoa damu. Linalopaswa kuchunguzwa ni namna anavyojifunza, na nani amesimama kando yake.

Mwanafunzi huanza na mkono wa bandia, wenye ngozi ya mpira na mirija iliyojazwa maji mekundu. Mkono huo una faida zake, lakini haushtuki, hautoki jasho, wala haumwambii mtu kwamba jana alichomwa mara tatu. Ndiyo maana siku ya kwanza mbele ya mgonjwa halisi hutetemesha vidole hata vya mwanafunzi aliyefaulu mitihani yote.

Somo la kwanza, hata hivyo, ni jina. Mwanafunzi hufundishwa kuuliza, "Shikamoo mzee, jina lako kamili ni nani?" wala si "Wewe ndiye Hamisi?" Tofauti yaonekana ndogo. Lakini mgonjwa mwenye homa kali, au mzee asiyesikia vizuri, aweza kuitikia "naam" kwa jina lolote, kwa sababu ndivyo alivyolelewa kuitikia anapoitwa. Kichupa huandikwa jina palepale penye mgonjwa, damu ikiisha kutoka, si mezani baadaye. Tangu Karl Landsteiner alipobainisha makundi ya damu mwaka 1901, imefahamika kwamba damu ya kundi lisilolingana yaweza kumuua anayeongezewa. Mama anayevuja damu baada ya kujifungua hana nafasi ya kosa la kichupa kilichobadilishana jina na cha jirani yake.

Kisha hutafutwa mshipa. Wengi hudhani mshipa mzuri ni ule unaoonekana. Mwanafunzi hufundishwa kuupapasa kwa ncha ya kidole: vena hubonyea na kurudi kama mpira, ateri hupiga kama moyo, na kano ni ngumu kama kamba. Mahali panapopendelewa ni penye kunjo la kiwiko, kwenye mshipa wa katikati, kwa kuwa upande wa ndani zaidi, ulio karibu na mwili, kuna ateri na neva zisizopaswa kuguswa. Mikono ya wakulima na wabeba mizigo huwafurahisha wanafunzi, kwani mishipa yao imejitokeza. Mishipa ya wazee ni kazi nyingine: ngozi imelegea, mshipa hukwepa, na sharti ushikiliwe kwa kidole gumba upande wa chini. Aliyeharisha au asiyekunywa maji mishipa yake hunywea, na hapo asilaumiwe mwanafunzi peke yake.

Mpira wa kufungia mkono huwekwa juu ya kiwiko, nao haupaswi kukaa muda mrefu. Ukipita dakika moja, damu iliyosimama huanza kubadili baadhi ya majibu. Ngozi husafishwa kwa spiriti, kisha huachwa ikauke. Hapa ndipo haraka huharibu mambo: anayechoma ngozi ingali mbichi humwasha mgonjwa bure, tena hakuipa dawa nafasi ya kuua vijidudu. Sindano huingia kwa mlalo, nyuzi 30 au pungufu. Mpira hulegezwa kwanza, ndipo sindano itolewe.

Vichupa navyo vina lugha yake. Chenye kifuniko cha zambarau kina dawa inayozuia damu isigande, na hupinduliwa taratibu mara kadhaa. Kikitikiswa kwa nguvu, chembe hupasuka na kipimo huharibika. Dawa hiyo ikichafua kichupa cha kipimo cha madini ya mwili, kiwango cha potasiamu chaweza kuonekana kimepanda ilhali mgonjwa hana tatizo hilo.

Kuhusu uvumi kwamba damu hiyo huuzwa, hesabu inatosha. Kichupa kimoja hubeba takriban mililita 4 au 5, kiasi cha kijiko cha chai. Mtu mzima ana karibu lita 5 mwilini, na mchangiaji damu hutoa takriban mililita 450 kwa mara moja. Damu ya kichupa cha kipimo haiongezwi kwa mtu yeyote; ikishapimwa huteketezwa kwa utaratibu wa taka hatarishi.

Hatari nyingine haionekani na anayesubiri benchini: mwanafunzi mwenyewe aweza kujichoma. Hufundishwa asirudishe kifuniko kwenye sindano iliyotumika, bali aitupe mara moja katika sanduku la usalama, ambalo hubadilishwa likijaa robo tatu. Hupaswa kuwa amechanjwa homa ya ini aina B. Akichomwa na sindano yenye damu ya mtu mwenye virusi vya UKIMWI, uwezekano wa kuambukizwa ni kama watu 3 kwa kila 1,000, na dawa kinga huanzwa mapema iwezekanavyo, kabla ya saa 72 kupita, kisha humezwa kwa siku 28. Kwa hiyo mgonjwa akiombwa kupimwa baada ya ajali ya namna hiyo, hatuhumiwi jambo lolote. Anaombwa kumsaidia kijana wa watu.

Mwananchi ana haki ya kujulishwa kwamba anayemhudumia ni mwanafunzi, ya kumwona msimamizi wake karibu, na ya kukataa bila kunyimwa huduma. Mwanafunzi akikosa mshipa mara mbili, busara ni kumwachia mzoefu. Msimamizi anayekwenda kunywa chai akimwacha mwanafunzi peke yake na foleni ya watu hastahili kutetewa, na taarifa zake zifikishwe kwa mganga mfawidhi au ziwekwe katika sanduku la maoni.

Sindano ikishatoka, pamba ibonyezwe kwa dakika mbili au zaidi mkono ukiwa umenyooshwa. Desturi ya kukunja kiwiko juu ya pamba huongeza uvilio. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda aseme mapema, abonyeze kwa muda mrefu zaidi, wala asiondoke kituoni damu ingali inachuruzika.