Gari ndogo, safari nyingi

Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano mkuu wa wanachama, kwa kumkumbuka Kapiteni Mbaye Diagne



Mama Prezida ameniomba niseme kidogo juu ya mtu aliyekufa akiokoa wengine. Alikaza neno "kidogo", maana ananijua.

Leo tuko na swali gumu: je, kese yetu isaidie hata familia zisizo wanachama, hizi zinazofika sasa bila hata sufuria? Asubuhi papa mmoja alisema: "Mwenye watoto anaanza na watoto wake." Ni kweli. Mimi pia ni baba. Ndiyo maana nimechagua kuwaelezea habari za baba mmoja.

Kapiteni Mbaye Diagne alikuwa mwanajeshi wa Senegal. Mwaka 1994 alikuwa Kigali, mwangalizi wa kijeshi wa ONU, mwenye miaka 36. Kwao alikuwa ameacha bibi na watoto wawili wadogo. Kazi yake ilikuwa kuangalia na kutoa ripoti. Silaha hakuwa nayo, na kuokoa watu hakukuandikwa kwenye kazi yake.

Tarehe 7 mwezi wa nne, askari walimwua Waziri Mkuu, Mama Agathe Uwilingiyimana, pamoja na bwana yake. Watoto wao walikuwa wamejificha karibu na nyumbani. Diagne aliwachukua ndani ya gari, akawafikisha Hôtel des Mille Collines. Tokea siku ile hakuacha tena.

Hapa hakuna asiyejua bariere. Mnajua namna tumbo linavyokaza pale mtu anapokuomba karatasi. Kigali nzima ilikuwa bariere juu ya bariere, na waliozisimamia walikuwa wanaua. Yeye alipita akicheka, akiwatania, akiwagawia sigara. Gari ilibeba watu watatu, wanne, watano. Akiwafikisha, anarudi kuchukua wengine. Mwezi uleule Baraza la Usalama liliamua kupunguza askari wa ONU kutoka karibu 2,500 hadi 270. Yeye alibaki. Watu aliowaokoa wanahesabiwa kwa mamia.

Tarehe 31 mwezi wa tano alikuwa peke yake garini, amefika kwenye bariere. Kombora likaanguka nyuma ya gari, kipande chake kikamwua. Zilibaki siku chache tu arudi kwao. Wenzake hawakuwa na mfuko wa kuwekea maiti, wakamfunga ndani ya bashi ya UNICEF. Bashi kama zile wengi wetu hapa tulilala chini yake.

Sitawadanganya. Watoto wake wawili walikua bila baba. Mwaka 2014 Baraza la Usalama liliunda medali yenye jina lake, na ya kwanza ilipewa familia yake mwaka 2016. Lakini medali haisindikizi mtoto shule. Kwa hiyo neno la papa wa asubuhi lina uzito, nami silipingi.

Ila niwaambie na la kwangu. Miaka kadhaa nyuma, kwenye ugawaji mmoja, nilishika orodha mkononi. Mama mmoja akafika na mtoto mgongoni, hana jetoni. Nikamwambia: "Mama, jina lako halimo." Hakupiga kelele. Alisema tu: "Sawa, mwanangu," akaenda. Mvua ilikuwa inakuja. Jioni tulihesabu: bashi kumi na moja zimebaki. Tukazirudisha depo. Ripoti yangu ilikuwa safi, hakuna aliyenilaumu. Mpaka leo, mvua ikianza usiku, namkumbuka yule mama.

Watoto wa Mama Agathe hawakuwa damu ya Diagne, wala watu wa nchi yake. Yeye hakuuliza orodha.

Siombi tufungue kese kwa kila mtu. Ingekauka wiki moja, na ninyi wamama wa likelemba mnalijua hilo kunishinda. Pesa za shule na za ugonjwa za wanachama zisiguswe. Naomba tu viti vichache ndani ya gari: kila mwezi familia tatu zisizo na jina kwetu, zipate bashi, sufuria na sabuni. Mwezi unaofuata, tatu zingine. Na ninyi wafadhili, mtuachie mstari mmoja kwenye bajeti kwa ajili ya yule ambaye jina lake halimo.

Kapiteni hakungoja apate lori. Alianza na gari aliyokuwa nayo.

 

(Baada ya majadiliano marefu, mkutano ulikubali familia mbili kwa mwezi, kwa majaribio ya miezi mitatu. Papa wa asubuhi ndiye aliyetoa sufuria ya kwanza.)