Treni ya Ubundu: maneno tuliyosema mbele ya wanachama, Lubunga



Mlituomba tuseme juu ya ile treni mbele ya kuamua franga za sanduku ziende wapi. Wengine wanataka tununue mchele na mafuta ya ngazi kule Ubundu, tuviweke karibu na reli, tungojee treni ishuke. Sisi wa kamati tumeona vizuri tukumbuke kwanza hiyo treni ni nini.

Masua zinapanda mto mpaka hapa Kisangani, kisha maporomoko ya Boyoma, yote saba, yanafunga njia. Njo maana kampuni ya CFL ya Empain, iliyoanzishwa 1902, ilipiga reli upande huu wa kushoto, kilometa 125, mpaka Ponthierville, ndiyo Ubundu ya leo. Ikamalizika 1906. Kutoka Ubundu ni masua tena mpaka Kindu, kisha treni tena, na 1915 reli ya Kabalo ikafika Kalemie kwenye ziwa. Ng'ambo kuna Kigoma, na reli ya kwenda Dar es Salaam. Kwa hiyo mzigo wa Stanleyville uliweza kufika bahari ya mashariki. Lakini hesabuni mara ngapi unapandishwa na kushushwa! Kila fasi migongo ya watu, kila fasi gunia moja halionekani tena. Wazee mnaocheka hapo nyuma, mnajua.

Kuna neno lingine ambalo watu hawalisemi. Reli yetu iko na upana wa milimeta 1000. Zile za kusini zilibadilishwa baadaye, zikawa 1067. Yetu ilibaki peke yake katika inchi nzima. Lokomotivi ikiharibika hapa, huwezi kuomba ingine Kindu, maana magurudumu yake hayatakaa. Basi msiseme vita peke yake njo iliua treni.

Vita nayo tuliiona. 1964, kisha 1997. Mwaka ule wakimbizi wa Rwanda walijaa kandokando ya reli, Biaro kwenye kilometa 41, Kasese kwenye 25, Lula kwenye 7. Mwezi wa 5 treni iliwaleta kutoka Biaro ili warudishwe kwao. Walibanana ndani ya mabehewa, na ilipofika Lula, watu zaidi ya 90 walikuwa wamekufa. Nao walikuwa watu wa kurudi, kama sisi. Wenzetu wanaolima karibu na reli wanapita pale kila siku ya soko. Tukae kimya kidogo.

Sisi tuliporudi kwetu tulikuta majani juu ya reli. Treni ilitembeaka, ikasimama, ikatembea tena. Tulikuwaka tunalala na mizigo yetu tukiingojea, na mchele ukaota ukungu. Mama mmoja wa chama alipoteza hivyo mtaji wake wote.

Kamati inaomba franga zinunue kinga sita na vipande vya kuzitengeneza. Kweli, kinga haibebi kama behewa, na mvua ikinyesha njia inakuwa tope mpaka magotini. Lakini ikivunjika, fundi iko hapa hapa Lubunga.

Mwenye kuwaza vingine aseme sasa, mbele hatujafungua sanduku.