Anayekula Kila Kitu Ana Kazi Gani?

(Mazungumzo yetu na vikundi vya akina mama na vijana, Kawangware)

 

Leo tuzungumze juu ya kima. Mnakumbuka tulipowapeleka watoto Arboretum, ile bustani ya miti karibu na Ikulu iliyoanzishwa mwaka 1907? Kima mmoja alishuka mtini, akampokonya mtoto wetu mkate na kumkwaruza mkono. Ikabidi apelekwe hospitali kudungwa sindano. Tukirudi, wengi wetu tulisema, "Hawa wanyama wana faida gani? Si waondolewe tu!" Swali hilo lastahili jibu.

Ng'ombe anakula majani, simba anakula nyama. Lakini wako wanaokula huku na huku. Kima anakula matunda, majani, maua, wadudu, hata mayai ya ndege. Kuku ni hivyo, nguruwe ni hivyo, kunguru ni hivyo. Na sisi tuliokaa hapa je? Hivyo hivyo.

Mnyama kama huyu ana kazi nyingi. Akila matunda, mbegu nyingine huzitema au kuzitoa na kinyesi mbali na mti uliozaa, na miche inaota huko. Akila wadudu, anawapunguza. Matunda yakiadimika, anageukia majani. Yeye naye huliwa na tai mkubwa wa msituni. Basi ukimwondoa, umegusa miti, wadudu na tai kwa mara moja.

Sasa ubaya unatoka wapi? Unatoka kwetu. Anayekula kila kitu atakula pia mkate, chipsi na takataka zetu. Akizoea chakula cha bure, woga unamwisha, anaanza kupokonya.

Tazameni Pwani. Kunguru wa India waliletwa Zanzibar miaka ya 1890 ili wapunguze takataka. Takataka hazikuisha, kunguru ndio waliongezeka! Walienea hadi Mombasa na Malindi, wakila mayai na makinda ya ndege wengine. Mwezi wa Juni 2024, Shirika la Wanyamapori, KWS, lilitangaza mpango wa kuua kunguru hao milioni moja kabla ya mwaka kuisha. Jamani, hiyo ni gharama ya jaa lisilofunikwa.

Kwa hiyo, tunawaomba tufanye mambo matatu:

1. Maganda ya viazi na mabaki ya mboga tuyafukie shimoni yawe mbolea ya sukuma wiki. Takataka nyingine ziwe kwenye pipa lenye kifuniko.

2. Tusitupe sumu ya panya ovyo. Panya akifa kwa sumu, paka au mwewe akimla, naye anadhurika.

3. Tusimpe kima chakula, hata akituangalia kwa huruma namna gani.

Mtoto wetu amepona, na anauliza tutarudi lini. Tutarudi mwezi ujao. Safari hii watoto watakula kabla ya kuingia getini, na mikono yao itakuwa mitupu. Tukae mbali kidogo, tumtazame kima akitafuta chakula chake mwenyewe juu ya miti. Hapo ndipo watoto wataona kazi yake.