Andiko Linapomhoji Msomaji: Kujichunguza kwa Kweli katika Kujisomea Biblia

Septemba 1929 daktari Mwingereza aitwaye Joe Church alifika Kampala akiwa amechoka mwili na roho. Alikuwa akihudumu katika hospitali ya misheni ya Gahini, mashariki mwa Rwanda, na alikuwa ametoka katika kipindi kigumu cha njaa kuu iliyoua watu wengi. Kwenye kilima cha Namirembe alikutana na Simeoni Nsibambi, Mganda mtumishi wa serikali, mtu mwenye kazi nzuri na heshima mjini. Wote wawili walikuwa Wakristo wa siku nyingi, na kila mmoja alikiri kwa mwenzake kwamba ndani yake kuna kitu kimepunguka. Hawakuitisha mkutano wala kumwalika mhubiri. Kwa siku mbili walifungua Biblia, wakafuata marejeo ya pembeni kuhusu Roho Mtakatifu kutoka andiko moja hadi jingine, wakaomba.

Uamsho wa Afrika Mashariki, mwamko wa toba uliofuata, husimuliwa zaidi kwa makusanyiko yake makubwa, kwa wimbo wa Tukutendereza na kwa machozi ya waliotubu hadharani. Mada hii inaanzia kwenye usomaji ule wa watu wawili. Mikutano ilikuja baadaye. Kilichotangulia ni Wakristo waliokubali kuulizwa maswali na kitabu ambacho tayari walikifahamu, na hilo ndilo linalopungua leo katika sharika nyingi, hata zile zenye semina kila mwezi.

Mfano wa Yosiya Kinuka unalionyesha jambo hili vizuri kuliko maelezo. Kinuka alikuwa msaidizi mkuu wa hospitali pale Gahini. Kazi ilikuwa ikienda vibaya, uhusiano na wamisheni ulikuwa umechacha, naye alikuwa na malalamiko mengi. Alipokwenda Kampala kumtembelea Nsibambi alimweleza hali ya hospitali. Nsibambi hakushughulika na hospitali. Alimwonyesha kwamba shida iliyokuwa kazini ilikuwa imekaa pia moyoni mwake mwenyewe. Njiani kurudi Gahini Kinuka alijisalimisha kwa Kristo, na alipofika alianza kutengeneza mambo kati yake na watu aliofanya nao kazi. Baadaye akawa mmoja wa nguzo za Uamsho. Hapa pana jambo la kuangaliwa: malalamiko yake huenda yalikuwa na ukweli mwingi. Kujichunguza hakukumtaka akane makosa ya wengine. Kulimtaka aanze na faili lake.

Mwishoni mwa 1933, katika siku za mafundisho ya Biblia zilizofanyika Gahini baada ya Krismasi, mtu mmoja alisimama wakati wa maombi akaanza kuungama, kisha mwingine, kisha mwingine, kwa zaidi ya saa mbili. Miaka iliyofuata moto huo ulifika Kigezi, Buganda, Kenya, na kwa upande wa Tanganyika ukaingia Karagwe na Bukoba. Watu walirudisha vitu walivyoiba na kulipa madeni ya zamani. Mtu aliyekuja mlangoni na jembe la jirani mkononi hakuhitaji kueleza kwa maneno mengi kilichompata.

Basi, Biblia humfikiaje mtu hata arudishe jembe? Jibu haliwezi kutolewa kwa jumla jumla. Afadhali lisomwe andiko moja polepole.

Katika 2 Samweli 12 nabii Nathani anamletea mfalme Daudi kisa cha tajiri mwenye mifugo mingi aliyemnyang'anya maskini mwana-kondoo wake wa pekee. Daudi anawaka hasira, anasema mtu huyo anastahili kufa, na anaamuru kondoo alipwe mara nne. Msomaji wa haraka hupita hapo mbio ili afike pale Nathani anapomgeuzia mfalme kidole. Lakini anayejisomea na daftari mkononi atajiuliza: kwa nini mara nne? Akifuata marejeo atafika Kutoka 22:1, ambapo sheria inasema mwizi aliyekwisha kuchinja au kuuza kondoo atalipa kondoo wanne kwa mmoja. Kumbe Daudi hakubuni kiwango kile. Alikuwa anaijua Torati, tena aliitumia sawasawa. Alikosea mahali pamoja tu: aliielekeza kwa mtu mwingine. Alikuwa amemchukua mke wa Uria na kupanga Uria afe vitani, na bado aliweza kutoa hukumu iliyonyooka kwa kutumia maandiko. Kwa hiyo maarifa ya Biblia peke yake hayamlindi mtu na kujidanganya. Yanaweza hata kumpa lugha nzuri zaidi ya kuwahukumia wenzake.

Fuata uzi huo hadi Luka 19. Zakayo, mkuu wa watoza ushuru wa Yeriko, anasimama mbele ya Yesu na kusema atarudisha mara nne kwa yeyote aliyemdhulumu. Ni kiwango kile kile. Sasa funua Hesabu 5:5-7. Hapo sheria inampa nafuu mtu anayeungama mwenyewe: atarudisha mali yote na kuongeza sehemu ya tano. Tuseme mweka hazina wa kikoba amechota shilingi 200,000 za wanachama. Akiungama kwa mujibu wa Hesabu atarudisha 240,000. Zakayo angerudisha 800,000. Aliungama kwa hiari lakini akajihesabia kwa kipimo cha mwizi. Daudi na Zakayo walishika sheria moja. Daudi alimpimia mwingine, Zakayo akajipimia mwenyewe, na tofauti hiyo ndiyo kiini cha mada yote.

Usomaji wa namna hii unadai muda, na muda huo sasa unaliwa na mazoea mengine. Waumini wengi hupokea mstari wa siku kwenye simu, katika makundi ya WhatsApp ya usharika au ya familia, ukiwa na picha ya maua au ya jua linalochomoza. Si vibaya, wapo waliotiwa nguvu na mstari mmoja siku ya msiba. Ila mistari inayosambazwa ni ile ile ya ahadi na faraja. Yeremia 29:11 inazunguka kila wiki. Yeremia 7, ambapo nabii anasimama mlangoni pa Hekalu na kuwaambia waabudu kwamba ibada haitawaficha wakati wanawaonea wageni, yatima na wajane, haizunguki. Anayekula mistari iliyochaguliwa na wengine hakutani na maswali asiyoyataka. Ndiyo maana kusoma kitabu kizima, sura baada ya sura, ni jambo la uaminifu na si la wasomi tu: kitabu kizima hakimpi msomaji nafasi ya kuruka.

Linafuata jambo zito zaidi. Gahini, pale ulipowaka Uamsho, ni Rwanda. Kati ya Aprili na Julai 1994, katika nchi ambayo wengi wa raia wake walikuwa wamebatizwa, mamia ya maelfu ya Watutsi waliuawa, na wengi waliuawa ndani ya makanisa walikokimbilia. Majengo ya Ntarama na Nyamata leo ni mahali pa kumbukumbu. Wapo Wakristo waliokataa kabisa kushiriki. Israel Havugimana, aliyeongoza huduma ya African Evangelistic Enterprise nchini humo na kufanya kazi ya upatanisho, aliuawa mwanzoni kabisa mwa mauaji. Heshima yao isipunguzwe. Hata hivyo, mtu mwaminifu hawezi kuusifu Uamsho bila kuuliza ilikuwaje taifa lililofundishwa kuungama likafika hapo.

Sababu za mauaji yale ni nyingi: siasa, ukoloni, vita, propaganda ya redio. Kwa upande wa kanisa, jibu moja liko katika orodha. Kadiri miaka ilivyokwenda, ungamo lilipata dhambi zake zinazojulikana: pombe, sigara, uzinzi, wizi, ugomvi wa nyumbani. Hizo zilitajwa waziwazi na watu walibadilika kweli. Lakini chuki ya kabila, dharau iliyorithiwa, na faida ambayo kundi moja lilipata kwa kuonewa kwa jingine havikuwa na nafasi ya kutosha kwenye orodha. Msomaji alipoifungua Biblia alitafuta dhambi alizokwisha kufundishwa kuzitafuta. Desemba 1996 Wakristo Wanyarwanda, Wahutu na Watutsi, pamoja na wageni kutoka Ulaya, walikutana Detmold, Ujerumani, na kila upande ukaungama, mbele ya pande nyingine, dhambi za kundi lake. Ungamo hilo lilipokelewa na wengine kwa shukrani na kupingwa vikali na wengine. Ni ushahidi kwamba swali lililokosekana lilikuwa limeanza kuulizwa.

Festo Kivengere alilijua swali la namna hiyo kwa maumivu. Mwalimu huyu aliyefundisha Dodoma kwa miaka mingi, kisha akawa askofu wa Kigezi, alimpoteza rafiki na kiongozi wake, Askofu Mkuu Janani Luwum, aliyeuawa na utawala wa Idi Amin tarehe 16 Februari 1977. Kivengere na mkewe Mera walikimbia usiku kwa miguu milimani hadi Rwanda. Ijumaa Kuu ya mwaka huo alikuwa London, katika ibada ya kanisa la All Souls, na iliposomwa sala ya Yesu msalabani ya kuwaombea msamaha waliomsulubisha, lilimjia jina la Amin. Alitambua kwamba uchungu ulikuwa unamla na kumfunga asiweze kuhudumu. Alikuwa mhubiri wa kimataifa. Mstari ule alikuwa ameuhubiri mara nyingi. Siku hiyo mstari ulimhubiri yeye. Mwaka huo huo alitoa kitabu kidogo, I Love Idi Amin, na hakuacha kusema wazi juu ya uovu wa utawala ule. Msamaha haukumfunga mdomo.

Ipo hatari ya upande wa pili, nayo itajwe. Mtawa kijana Martin Luther alikuwa akiungama kwa saa nyingi mbele ya muungamishi wake, Johann von Staupitz, akichimbua kila wazo, na hakupata amani. Alitoka humo kwa kuendelea kusoma, hasa Warumi, hadi neema ikamfikia. Mkristo anayejichunguza bila kumtazama Kristo huishia kujitazama tu. Wachungaji wanawafahamu waumini wa namna hii: wametubu jambo moja mara ishirini, na bado wanakuja. Kwa mtu kama huyo Warumi 8 isomwe kwanza, tena asome pamoja na mtu mwingine.

Yakobo 5:16 inataka watu waungamiane, na Uamsho ulilishika hilo. Leo inafaa ungamo lianze kwa mtu mmoja mwaminifu, anayetunza siri, si kwenye kipaza sauti. Mke au mume ni shahidi mzuri kuliko wote, kwa sababu yeye ndiye anayejua kama jembe limerudi.

Baada ya mada hii, katika kipindi cha alasiri, washiriki watakaa wawili wawili na kusoma Hesabu 5:5-10, kisha Luka 19:1-10. Kila mmoja awe na daftari lake. Aandike kwanza andiko linasema nini, kisha nani anadai kitu kwake: fedha, neno la kuomba radhi, ardhi, jina alilolichafua. Daftari hilo halitakusanywa wala kusomwa mbele ya watu. Anayekuta kuna deni la fedha aandike kiasi kamili, na kando yake tarehe atakayoanza kulipa.