Chefu asiye na bunduki

Leo tuzungumze juu ya mwimbaji mmoja mwenye vituko.

Papa Wemba alizaliwa mwaka 1949 huko Lubefu, Kasai. Mama yake alikuwa mwimbaji wa matanga; mtoto akamfuata kilio kwa kilio, na hapo ndipo alipojifunza kuimba. Mwaka 1969 alikuwa kati ya vijana walioanzisha Zaïko Langa Langa, na 1977 akaunda kundi lake, Viva la Musica. Ndipo akafanya kioja: kiwanja cha nyumba yao katika kartie ya Matonge, Kinshasa, akakigeuza kijiji, akakiita Molokai, naye akajitangaza chefu wa kimila. Jina lile lilitoka katika majina ya barabara za jirani. Alikuwa na kofia ya chefu na watu wake. Hakuweka bariera, hakumfukuza mtu shambani. Sisi wa Kivu ya Kaskazini tunajua machefu wa namna nyingine, waliojipa cheo kwa bunduki.

Na mavazi je? Kuanzia 1972 Mobutu alikataza kostimu na karavati. Mwanaume avae abakosti. Wemba na wasaperi wake wakavaa nguo za Ulaya mbele ya macho ya serikali. Karavati iliruhusiwa tarehe 24 Aprili 1990. (Naye Wemba alianguka jukwaani Abidjan, akafa, tarehe 24 Aprili 2016. Imetokea hivyo tu.) Mwaka 1993 alizunguka dunia akiimba na Peter Gabriel, mwanamuziki wa rock wa Uingereza, wala hakuacha kofia zake.

Lakini vijana, msidhani umaarufu unafunika kosa. Novemba 2004 mahakama ya Bobigny, Ufaransa, ilimhukumu kwa kusaidia watu kuingia Ulaya kinyume cha sheria, wakijiita wanamuziki wake. Alihukumiwa kwa tendo, si kwa kofia.

Tofauti hiyo ndiyo ninayotaka mwishike. Kijana wa Kyavinyonge mwenye nywele za kusokota anapeleka samaki Butembo, na kwenye bariera anaambiwa: wewe ni Mai-Mai. Kwa nywele tu! Katiba yetu ya 2006, kifungu cha 17, inakataza kumshitaki mtu kwa tendo ambalo sheria haikuliita kosa. Kifungu cha 18 kinataka aelezwe mara moja sababu ya kukamatwa, katika lugha anayoielewa, aruhusiwe kuwasiliana na jamaa zake, na asishikwe na polisi zaidi ya saa 48 bila kufikishwa mbele ya mkubwa wa sheria.

Basi mama, ukienda kumtafuta mwanao, usianze kwa kulia wala kwa kufungua mfuko. Uliza: amefanya kosa gani? Ameshikwa tangu saa ngapi? Saa hiyo uiandike kwenye karatasi, mbele yao.